Kapo si mkongojo wa wavivu

Kuna neno linatembea sana hapa Salamabila, na hata Kasongo mjini nimelisikia: eti mpiga gita anayefunga kapo kwenye shingo ya gita lake hajui kupiga. "Ule mzee anatembea na mkongojo!" Vijana wanacheka, mzee anafungua kamba yake pole pole na kuweka gita kando. Wanaosema hivyo si watu wasiosoma. Ni walimu, ni viongozi wa kwaya, watu wenye diploma. Ndiyo maana ninaandika. Lingekuwa neno la walevi ningeliacha lipite.

Kwa msomaji asiyeshika gita niseme kwa ufupi. Kapo, ambayo Wafaransa wanaiita capodastre, ni kitu kinacholazwa juu ya shingo ya gita na kubana nyuzi zote sita kwa pamoja, nyuma kidogo ya kimojawapo cha vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo. Kila chuma unachopanda, sauti inapanda nusu ya toni. Gita la kawaida lina uzi wa karibu sm 65. Ukifunga kapo kwenye chuma cha tatu unabaki na uzi usiofika sm 55, na wimbo uliokuwa unaupiga katika do sasa unalia mi bemoli. Vidole vyako havikubadilisha kitu. Basi, ni hayo tu.

Wanaopinga wanasema: mpigaji wa kweli anabana nyuzi zote kwa kidole cha shahada, anapanda na kushuka shingoni anavyotaka, haombi msaada wa kamba. Sawa. Kwa mtu wa gita la umeme, katika orkesta ya rumba, maneno hayo yana maana. Lakini gita kavu la huku kwetu halikuzaliwa hivyo. Mtindo wetu ulitoka Katanga, pamoja na watu walioenda kutafuta kazi ya migodini na kurudi kwa reli mpaka Kongolo au Samba, na pamoja na sahani za gramafoni na redio. Ni mtindo wa Mwenda Jean-Bosco, wa Losta Abelo, wa Édouard Masengo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi. Mwaka 1969 Mwenda huyo huyo alipiga Newport kule Marekani. Mkono wake wa kuume ulifanya kazi kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada. Dole gumba linatembeza sauti nzito, kidole cha pili kinajibu juu. Wazungu waliosoma muziki walikaa chini kuandika noti zake moja moja, na David Rycroft alichapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962. Huyo ndiye mnamwita mvivu, au mtindo wake ndio mtindo wa wavivu?

Mtindo ule unategemea nyuzi zilizo wazi. Uzi usioguswa na kidole unaendelea kulia wakati vidole vimeshahamia kwingine, na ule mlio unaobaki nyuma ndio unaofanya gita moja lisikike kama mawili. Ukibana zote kwa kidole kimoja, kidole hicho kimefungwa kazi, vitatu vilivyobaki vinahangaika, na uzi ulio wazi hauko tena. Gita linakuwa kama ngoma iliyolowa. Kapo inafanya kazi ya kubana, na mkono unabaki huru, nyuzi zinabaki wazi mahali papya. Kwa hiyo kusema "acha kapo, tumia kidole" ni kusema "acha mtindo". Wengine wanalitaka hilo. Waseme wazi basi, tusidanganyane kwa habari ya ufundi.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa. Kwetu, kati ya Wabangubangu na Wabuyu na majirani zetu, wimbo ni wa yule anayeuanzisha. Mama anaanza kuimba kilioni au kwenye mahari. Hatazami noti, anaanza pale sauti yake inapokaa. Chombo kinamfuata. Mpiga likembe alifanya nini? Alisukuma vile vibati vyake kidogo ndani, kidogo nje: kikiwa kifupi kinalia juu, kikiwa kirefu kinalia chini. Mpiga zeze alikaza uzi wake. Hakuna aliyewaambia wanatembea na mkongojo. Kufuata sauti ya mwimbaji ni adabu ya zamani, na kapo ni adabu hiyo hiyo kwenye chombo kilichotoka ng'ambo. Siku hizi nawaona wamama wanapandishwa mpaka shingo inasimama mishipa, kwa sababu kijana wa gita anajua soli peke yake na hataki kufunga kapo asije akachekwa. Nani amelemaa hapo?

Na viongozi wa kwaya, wapendwa wangu, mna kinanda cha umeme chenye kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Mpigaji anabonyeza mara tatu na vidole vyake vinaendelea katika do kama kawaida. Hiyo ni kapo! Ni ya umeme tu, na inataka jenereta na mafuta.

Tukishakubali hayo, inabaki kuchagua. Hapo nina ugomvi na upande mwingine, wale vijana wanaoikubali kapo lakini lazima iwe ya chuma, inayong'aa, yenye springi, iliyopanda njia ya Uvira na Fizi mpaka huku pamoja na viatu na simu. Si kitu kibaya. Unaifunga na kuifungua kwa mkono mmoja kati ya wimbo na wimbo. Lakini springi haijui gita lako. Inabana kwa nguvu ile ile, uzi uwe mnene au mwembamba, na ikibana kupita kiasi inavuta nyuzi juu, gita linalia kando. Halafu springi ikilegea, nani ataitengeneza hapa? Ile yenye skrubu ni bora, maana unapima mwenyewe nguvu, ila haionekani mara nyingi sokoni, na bei yake inaweza kumla mchimba dhahabu siku kadhaa shimoni.

Penseli na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ile kapo ya wazee wetu, naiheshimu. Imepiga arusi nyingi kuliko hizi za chuma. Lakini tusiifanye sanamu. Penseli ni laini, nyuzi za chuma zinaichimba mitaro, na uzi ukiingia ndani ya mtaro haubanwi tena sawasawa, unasikia unazizima. Mpira nao jua linaukausha, unakatika katikati ya wimbo.

Mimi kipenzi changu ni kapo ya mti. Waispania wapiga flamenko wana ya kwao ya namna hiyo, wanaiita cejilla: kipande cha mti mgumu, ngozi chini yake, kamba inayozunguka shingo, na kigingi cha kukazia. Unazungusha kigingi mpaka nyuzi zote zinalia safi, unaacha hapo hapo. Haibani zaidi ya hapo. Watu wenye sifa ya vidole vyepesi duniani wanafunga kipande cha mti bila haya, sisi tunaona haya kwa niaba ya nani?

Mafundi wetu wa mbao wanaweza kuitengeneza kwa nusu siku. Mti uwe mgumu na mkavu, upana wa kidole, urefu upite shingo kidogo kila upande. Gita la nyuzi za nailoni mara nyingi lina shingo bapa, basi chini pawe bapa. La nyuzi za chuma lina mgongo kidogo, basi pachongwe kufuata mgongo ule, la sivyo nyuzi za katikati zitabanwa na za pembeni zitapiga kelele. Ngozi ya mbuzi inatosha. Tundu la kigingi liwe jembamba kuelekea upande mmoja, kigingi nacho vivyo hivyo, ili kikizungushwa kishike chenyewe. Fundi akikosea cha kwanza, achonge cha pili, miti haijaisha.