Huna Sare? Njoo Hivyo Hivyo



Leo naongea na wewe uliyebaki nyumbani Jumamosi iliyopita wakati mtoto wa mwenzako wa ushirika akiolewa. Hukuwa mgonjwa. Grupu la WhatsApp lilisema rangi ni pinki na dhahabu, na wewe huna pinki wala dhahabu. Ukafungua kabati, ukaifunga, ukajiambia: mimi ni analogi, nimepitwa na wakati.

Hujapitwa. Umepiga hesabu vizuri tu. Kitambaa shilingi 1,800, fundi 1,200. Kwa mama anayekaanga viazi karai Likoni hiyo ni kodi ya chumba, na gauni lenyewe atalivaa siku moja, maana harusi ya mwezi ujao ina rangi yake. Kwa pesa hizo hizo, mitumba ya Kongowea ingemvisha yeye na watoto wake na nauli ya matatu ikabaki.

Kuna atakayeniambia, "Pasta, sare si mpya Pwani." Najua. Kina mama wa hapa wananunua leso za aina moja kwa harusi tangu zamani. Lakini ile leso kesho yake ilibeba mtoto, ikaenda sokoni, ikafunikwa usiku. Hili gauni la leo, Jumatatu linaenda wapi?

Na hata hilo si kubwa. Kinachoniudhi ni kiti. Mtu anafika mlangoni pa nyumba ya Mungu na gauni lake la bluu, safi, limepigwa pasi, anaambiwa kwa upole (upole mwingi sana!) akae nyuma asiharibu picha. Soma Yakobo 2:1-4. Mtume anawataja mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu, na anaeleza nani alipewa kiti kizuri. Sisi tumemzidi yule mhudumu wa Yakobo: tunamrudisha nyuma hata aliye msafi, kosa lake ni rangi tu.

Sisi watu wa Mombasa tungepaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Pita Kengeleni uitazame ile kengele. Ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Kwenye pwani hii mtumwa alijulikana kwa nguo: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki. Mtu alisomwa mwilini kabla hajafungua kinywa, akaonyeshwa mahali pake. Leo sisi wenyewe tunasomana hivyo, tena madhabahuni.

Utanitajia Mathayo 22, yule aliyetolewa kwa kukosa vazi la arusi. Isome kuanzia juu. Mfalme alikuwa amewatuma watumishi njia panda wawaite wote, wema na wabaya. Hakuna mahali aliposema walipie kitambaa kwanza.

Mimi nakupa 1 Samweli 17. Daudi alivishwa mavazi ya vita ya Sauli, akajaribu kutembea, ikashindikana. Hakulia kwamba amepitwa na mtindo wa ikulu. Aliyavua, akashika fimbo yake na kombeo, akaenda kazini.

Sasa na wewe unayesoma hapa ukitikisa kichwa, "Waambie, Pasta," kwa kuwa sketi yako inagusa kifundo cha mguu: ngoja kidogo. Novemba 17, 2014 wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo hadharani na wanaume waliosema amevaa vibaya. Wale wanaume nao walidai wanalinda maadili. Ukimtazama binti aliyeingia kanisani na suruali mpaka akakosa pa kuweka macho, wewe na mwenye kamati ya pinki mnafanya kazi moja. Hakuna mtindo wa zamani unaokupa ruhusa hiyo.

Ukitaka kuona haya kwa mambo ya kisasa, ona haya kwa salamu. Likoni tuna wadi nzima inayoitwa Shika Adabu, lakini siku hizi mtu anaketi kando ya mzee ibada nzima, simu imeinuliwa anarekodi sifa, hajamwambia hata shikamoo. Ukimsalimia mtu kwenye matatu anakutazama kama unataka kumkopa. Endelea kusalimia. Wakikuita mshamba, itika.

Jumamosi hii tuna harusi nyingine. Nimeshaongea na bibi na bwana harusi, na kamati, na wahudumu wa mlangoni: viti vya mbele ni vya atakayewahi. Mpiga picha pia anajua. Mama wa viazi karai, nimeomba ukae safu ya pili, karibu na feni. Tunaanza saa nne kamili. Mnaotoka Likoni, wahini feri.