Ufunguo wa Sadaka Usikae kwa Mtu Mmoja



Ndugu wasomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni kushindwa kuingia katika tovuti ya michango. Mtu anayejinunulia viatu mtandaoni, tovuti ikimkataa, ataacha na kwenda sokoni. Lakini ikiwa ndani mna sadaka za watu, na nje kuna familia inazisubiri, hilo si jambo la kompyuta tena. Ni jambo la amana.

Mnakumbuka mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walifariki watu zaidi ya 130. Sisi wa Mudende tulikuwa na jamaa kule chini waliobaki na nguo walizovaa tu. Kijana wetu mmoja, mwanafunzi, akajitolea kufungua ukurasa wa michango, na ndugu walioko Ulaya na Ghuba wakatoa, Allah awalipe.

Siku ya kutoa fedha, tovuti ikakataa. Namba ya uthibitisho ilikuwa inatumwa kwenye laini ya kijana yule, naye alikuwa amekwenda kusoma Uganda na laini ya hapa ilikuwa imekwisha fungwa. Akabahatisha neno la siri mara nyingi mpaka akaunti ikafungiwa. Wiki zikapita. Hapo ndipo maneno yalipoanza, barazani na harusini: "Huyo mtoto kazila." Alhamdulillah, fedha zilipatikana zote, haikupungua hata faranga moja. Lakini heshima ya kijana yule, nani aliyemrudishia?

Mimi nasema kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa letu sisi wazee. Sanduku la sadaka la msikiti tunalitia kufuli mbili, na funguo tunawapa watu wawili, si kwa kuwa tunawadhania wizi, bali kwa kuwalinda wasidhaniwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Vipi basi sanduku la mtandaoni tuliweke ndani ya simu ya mtoto mmoja, bila karatasi wala shahidi?

Sasa basi, tufanye nini tovuti ikikataa? Kwanza, acheni kubahatisha. Ukikosea mara nyingi, tovuti hukufungia kwa kudhani wewe ni mwizi. Bonyeza pale palipoandikwa kwamba umesahau neno la siri, kisha utazame barua pepe, hata katika sanduku la barua taka. Pili, angalia namba ya simu. Namba yetu ya 078 ukiitangulizia 250, ile sifuri ya mwanzo huondoka. Wengi wanaiacha, na ujumbe haufiki. Tatu, kama unatumia programu ya simu inayotoa namba za kuingilia, namba hizo hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa. Aliyetoka Kampala na kuisogeza saa ya simu kwa mkono, namba zake zitakataliwa. Aiache simu ijipangie saa yenyewe.

Nne, majina. Wengi wetu tuna jina la kitambulisho na jina la msikitini. Ukijiandikisha kwa jina la msikitini, siku utakapoombwa kitambulisho majina hayatalingana, nawe utaonekana mgeni katika akaunti yako mwenyewe. Tano, jihadharini na wasaidizi msiowajua. Anayekupigia au kukuandikia kwenye WhatsApp akitaka namba uliyotumiwa kwa ujumbe, huyo si msaidizi, ni mwizi.

Lakini dawa kubwa ni ya kabla ya ugonjwa. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya jamaa, si ya mtu. Tovuti ikiruhusu, wasimamizi wawe wawili au watatu, kila mmoja na neno lake la siri, ili ijulikane nani kafanya nini. Neno moja likijulikana na watu kumi hilo si ulinzi, ni mlango wazi. Tovuti nyingi hutoa namba za akiba za kuingilia simu ikipotea. Ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe katika bahasha iliyofungwa na kuhifadhiwa pamoja na stakabadhi za msikiti. Na msimamizi akisafiri kwa masomo au kuolewa mbali, akabidhi mbele ya mashahidi, kama anavyokabidhi funguo.

Nanyi wazazi, msiseme mambo ya mtandao ni ya vijana. Kaeni karibu nao wanapofungua ukurasa, muulize: "Mwanangu, laini hii ikipotea, tutaingiaje?" Swali hilo moja lingetuokolea wiki nzima za dhana mbaya.

Kijana yule sasa tukimwomba atusaidie jambo la mtandao, anatoa udhuru. Simlaumu. Waliomsema bado wako hai, naye yuko hai, na mlango wa kuombana msamaha haujafungwa. Huo hauhitaji neno la siri.

Wabillahi tawfiq.