Programu isijisahihishie mtihani

Wasee, leo tuongee ndege, lakini si rubani wala bei ya tiketi. Tuongee ile programu inayounda chipu zilizo ndani yake.

Siku hizi injinia hachori saketi moja moja. Anaandika maelezo kwa kompyuta, programu inayageuza kuwa chipu. Sasa programu ikikosea je? Usiniambie haiwezi. Chipu ya Pentium ya Intel ilikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya namba. Skripti iliyohamisha jedwali hilo kwenye chipu ikaacha nafasi tano. Tano tu! Ilitoka 1993, watu wakaitumia fiti kabisa, hadi profesa wa hesabu, Thomas Nicely, alipoianika 1994. Intel ikala hasara ya dola milioni 475. Na hiyo ni kompyuta ya mezani, haiko angani na watu.

Kwa ndege kuna mwongozo unaitwa DO-254, wa mwaka 2000. Unapanga vifaa kuanzia ngazi A, ambapo hitilafu inaweza kuangusha ndege, hadi E, isiyogusa usalama. Halafu unauliza kitu simpo sana: kile programu imetoa, kuna njia nyingine huru ya kukikagua? Kwa mfano, chipu yenyewe imewekwa mezani ikapimwa? Kama ndiyo, imeisha hiyo, programu haihitaji kuthibitishwa. Hapo napapenda. Mimi niliyetoka kampasi bila cheti najua karatasi si kazi, so nipime kwa kile nimetoa.

Shida yangu ni mlango wa pili. Kama hakuna ukaguzi huru, unaweza kuleta rekodi kwamba programu imetumika kitambo na matokeo yake yako sawa. Ukikubaliwa, umeruka uthibitisho, hata ngazi A. Lazima rekodi ziwe za maana, sawa, hawakubali tu stori. Lakini si Pentium nayo ilikuwa na historia safi? Zaidi ya mwaka mzima, mamilioni ya hesabu, na zile nafasi tano zimetulia tu zikingoja namba zao.

Ningekuwa na sauti, ngazi A na B ningefunga huo mlango. Pima chipu, ama thibitisha programu. Mainjinia watalia kuhusu gharama, na wako na pointi, kuthibitisha programu ya kuunda ni kazi ngumu ajabu. Basi wapime chipu.