Fundi wa Kompyuta na Mali ya Umma

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine ya Hazina kuleta hasara badala ya nafuu. Amri hiyo imekwisha zamani. Leo, kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro hadi Kinole huko milimani Uluguru, kompyuta ni chombo cha kazi, nayo ikiharibika hukimbizwa kwa fundi wa kulipwa.

Je, fundi huyo aaminiwe? Sisi twasema aaminiwe, lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Mafundi hodari na waaminifu wapo, tena wengi. Wapo pia walaghai wanaodai diski imekufa kumbe waya umelegea, na wanaotoa kifaa kizima wakatia kibovu. Mwenye mali hulipa, na hushukuru!

Hata hivyo, kifaa hununulika. Ndani ya kompyuta ya ofisi mna majina ya wananchi, mishahara yao na hati za viwanja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezishika azilinde. Mkuu wa ofisi hataokoka kwa kumsingizia fundi. Basi nakala ihifadhiwe kwanza, na diski ibaki ofisini endapo ubovu hauihusu. Bei iandikwe kabla bisibisi haijashikwa, na kifaa kibovu kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaovusha mashine kwa meli kuja kwa fundi wa Bara wayadai hayo bandarini kabla ya kuondoka, kwani kurudi kulalamika ni nauli nyingine.