MNADA WA SIMU: SIKU ZA KULIPA ZITAJWE KABLA YA BEI

Biashara ya kunadi vitu kwa njia ya simu imekwisha kuingia Arua na Koboko, na askari wetu wa jeshi na wa polisi ni miongoni mwa wanunuzi wake. Muuzaji huweka picha ya pikipiki iliyotumika, ya runinga au ya mbuzi katika kundi la WhatsApp, hutaja bei ya kuanzia na saa ya kufunga mnada, na watu hupandishiana bei mpaka saa hiyo ifike. Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza pale mshindi anapoulizwa, "Afande, fedha lini?" naye akajibu, "Ningoje mwisho wa mwezi."

Je, muuzaji huyo yampasa kungoja siku ngapi?

Wako wasemao kwamba askari ni mdeni wa kuaminika, kwa kuwa Serikali imejiwekea kawaida ya kulipa mishahara kufikia tarehe 28 ya kila mwezi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, anayeshinda mnada tarehe 3 na kutaka kulipa tarehe 28 amemkopa muuzaji kwa siku 25, bila riba na bila kumwomba ridhaa yake. Muuzaji wa Koboko, ambaye huenda alinunua bidhaa hiyo Kampala kwa fedha ya kuazima, hawezi kununua nyingine. Aliyekuwa wa pili katika mnada amekwisha kwenda kununua kwingine. Mbuzi naye hula kila siku, hangoji mshahara. Askari anayehitaji mkopo anacho chama chake cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Hakuna sababu ya kumgeuza mama wa sokoni kuwa benki yake.

Sheria za nchi hazikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inayatambua mapatano yaliyofanywa kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo asidhani mtu kuwa neno aliloandika katika kundi ni mzaha. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuishikilia mali yake, na hata ya kuiuza tena, iwapo amemwarifu mnunuzi nia yake hiyo na mnunuzi asilipe katika muda wa kufaa. Kwa vitu vinavyoharibika, kama samaki wa Panyimur, hata taarifa hiyo haihitajiki. Lakini "muda wa kufaa" ni maneno mapana. Isitoshe, siku ya kulipa haihesabiwi kuwa sharti kuu la mapatano mpaka wahusika wenyewe waonyeshe hivyo. Ndiyo sababu muuzaji anayenyamaza kuhusu siku za malipo hujitia katika mabishano yasiyo na mwisho.

Sisi twaonelea kwamba siku tatu zatosha, nazo zitangazwe pamoja na bei ya kuanzia, kabla mtu yeyote hajasema neno. Kutuma fedha kwa simu, huduma iliyoanza Uganda mwaka 2009, ni kazi ya dakika chache. Hata eBay, mnada mkubwa wa Marekani unaouza vitu duniani kote, humruhusu muuzaji kuyavunja mauzo ikiwa siku nne zimepita bila malipo. Anayetaka kungojwa hadi mshahara aseme hivyo kabla ya kutaja bei yake, na atoe arubuni ambayo muuzaji ameikubali. Muda ukipita, apelekewe ujumbe wa kumpa siku moja zaidi, kisha mali aandikiwe mshindi wa pili. Muuzaji naye afungwe na muda huo huo: asimpe mwingine mali siku ya pili kwa kuwa amepata nyongeza ya shilingi elfu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo lazima tulitaje. Katika miji hii muuzaji humngoja mwenye sare kuliko anavyomngoja mwalimu au dereva wa lori, na mara nyingi si kwa heshima bali kwa hofu. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1980 Arua na Koboko ziliporwa na kubomolewa na watu waliovaa sare, na raia kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Wazee walioyaona hayo wangali hai, nao wamewafundisha watoto wao kutomdai askari. Kanuni za mwenendo za NRA, za wakati wa vita vya msituni vilivyokwisha mwaka 1986, zilimtaka mpiganaji alipe upesi na kwa fedha taslimu chochote anachochukua kwa raia, hata kikiwa ndizi au muwa. Hakuna mahali ziliposema kwamba pikipiki ni tofauti na muwa.

Tunakiri kwamba kazi ya askari ina shida zake. Anaweza kushinda mnada jioni, na alfajiri akaamriwa kuondoka kwenda mahali pasipo mtandao. Waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007, na waliovuka kuingia mashariki ya Congo tangu Novemba 2021, wanalijua hilo vizuri. Lakini muuzaji hana njia ya kujua kama mtu yuko vitani au amejificha. Askari aliye katika hali ya kutazamia amri amwachie mkewe au ndugu yake fedha na namba ya muuzaji, au aache kunadi mpaka arejee.

Kwa upande wa polisi, malalamiko ya namna hii yatazidi kufika vituoni. Yafaa ieleweke kwamba kuchelewa kulipa ni deni, nalo si kosa la jinai. Kituo si ofisi ya kukusanya madeni, wala mdaiwa hawekwi mahabusu ili ndugu zake wachange. Ni tofauti kwa yule aliyetuma ujumbe wa bandia wa malipo akachukua mali: huyo amedanganya, na faili lake lifunguliwe. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 lina njia yake mahakamani, yaani utaratibu wa madai madogo uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambao hauhitaji wakili. Ofisa wa zamu amweleze mlalamikaji hivyo, hata kama mdaiwa ni rafiki yake wa kambini.