Kabla hujakubali "kupigiwa Windows"

Leo nina dukuduku na mafundi wetu wa kompyuta. Laptopu ikianza kujikokota tu, dawa wanayoijua ni moja: "Lete tupige Windows upya." Unaiacha asubuhi, jioni unaikuta nyeupee, ripoti ya fildi imekwenda na maji. Juzi kuna mdada wa mwaka wa tatu kalia wee, majibu ya dodoso zake zote alikuwa keshayaingiza.

Kwa mtazamo wangu, nyingi ya mashine hizo haziumwi Windows kabisa. Zinaumwa diski. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huko kutafuta faili. SSD haina kinachozunguka. Ihamishie Windows yako huko uone, mashine ileile utadhani umeazima ya mtu.

Nasema kuihamisha, si kuifuta! Clonezilla ni programu ya bure, unaiwasha kutoka kwenye fleshi, inanakili diski nzima kama ilivyo: Windows, programu zako, mpaka picha ya mchumba kwenye deskitopu. SSD unaichomeka kwa kebo ya USB, ukimaliza unafungua skrubu unabadilisha. Ila SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani, maana hapo kuna kazi nyingine ya kupunguza kwanza. Na kama BitLocker imewashwa, izime kabla hujaanza.

Wengi wanaokwama wamenakili C peke yake. Haiwaki ng'o. Kwenye mashine za UEFI kuna kijisehemu kilichofichwa, mara nyingi MB 100 tu, ndicho chenye faili za kuiamsha Windows. Kikibaki kule, C yako hata iwe nzima haina wa kuiita. Halafu siku ya kwanza kuwasha, diski ya zamani iwe imechomolewa. Zote mbili zina kitambulisho kimoja, Windows ikizikuta pamoja inaifungia mojawapo.

Najua mtasema hela ya SSD itoke wapi na bumu halijaingia. Kweli, lakini fundi naye halipwi kwa makofi, na baada ya miezi mitatu uko kwake tena. Labda mashine iwe imejaa virusi, maana ukinakili unahama navyo. Hapo nampa fundi haki yake, ila atoe faili zako kwanza. Na diski ikishaanza kugonga ko-ko-ko, usihangaike na kunakili yote, okoa risachi kwanza.

Ile ya zamani usimwachie fundi, wala usiifute wiki hiyohiyo. Iweke kabatini mpaka utakapokuwa umekabidhi kazi yako.