Mzee Asinyang'anywe Jembe

Askari hufundishwa kumheshimu aliyemtangulia. Hata hivyo, wako wengi miongoni mwetu, wa jeshi na wa polisi, ambao kwa nia njema kabisa wanawadhoofisha wazazi wao waliotimiza miaka 60 na zaidi. Wanawanyang'anya jembe.

Katika Uganda nyumba za kulelea wazee ni chache. Ile ya Bakateyamba huko Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, inajulikana na wengi. Lakini katika Jinja na Mbale, kwa walio wengi, makao ya uzeeni ni nyumba ya mtoto, na mara nyingi mtoto huyo ni askari anayeishi kota.

Basi mzee huletwa mjini. Ni baba aliyeamka alfajiri maisha yake yote kukagua mibuni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, au mama aliyelima viazi vitamu na kutunza migomba huko Busoga. Huwekewa kiti na kuambiwa, "Pumzika sasa, umechoka." Baada ya miezi michache hali vizuri, halali, wala hazungumzi. Sisi husema ni uzee, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Mara nyingi ni huzuni ya mtu aliyeona kwamba hahitajiwi tena.

Bustani humrudishia mzee sababu ya kuamka. Jua la asubuhi na kazi nyepesi humletea usingizi wa usiku. Mbegu aliyoizika leo humfanya aingoje kesho. Jirani akija kuomba mboga, mzee huwa mtoaji, naye hurudi katika heshima yake. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1812 daktari Benjamin Rush wa Marekani aliandika kwamba wagonjwa wa akili waliopasua kuni na kulima bustani walipona mara nyingi, hali wale ambao cheo chao kiliwaepusha na kazi hizo walizidi kudhoofika. Maneno hayo na yawafikie maafisa wanaojiandaa kustaafu!

Tukumbuke pia maafa. Mnamo Machi 1, 2010, udongo uliporomoka Bududa, na askari walichimba kwa sepetu kuwatafuta waliofukiwa. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima wao. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliifurikia Mbale. Katika misiba kama hiyo sisi huhesabu maiti na nyumba, kisha tukagawa blanketi na posho. Lakini mzee aliyepoteza shamba amepoteza pia kazi ya kila siku na cheo chake mbele ya wajukuu. Pamoja na posho, apewe mbegu na mahali pa kuzipanda.

Halihitajiwi shamba kubwa. Gunia lililojazwa udongo na samadi latosha kuotesha mchicha, sukuma wiki na vitunguu, na mzee asiyeweza kuinama hulihudumia akiwa amesimama. Maji yawe karibu. Mbegu ziwe tayari kabla ya mvua za Machi. Mwenye kuamua cha kupanda awe ni yeye, na mtoto, hata akiwa na nyota begani, asichume bila ruhusa yake.

Hatusemi kwamba bustani ni dawa ya kila ugonjwa. Mzee anayepotea njia ya nyumbani, au anayesema amechoka kuishi, apelekwe hospitali kuu ya Jinja au ya Mbale bila kuchelewa. Wala gunia la mboga halitamtuliza mzee ambaye wanawe wanaliuza shamba lake angali hai. Askari anayefanya hivyo ajue kwamba anamzika mzazi kabla ya wakati wake.

Twawaomba wakuu wa kambi na vituo vya polisi katika miji hiyo miwili watenge kipande cha ardhi kandokando ya kota kwa ajili ya wazee. Na kila askari atakapokwenda likizo kwao, mbali na sukari na sabuni, achukue pakiti ya mbegu, kisha akae chini afundishwe na mzee wake namna ya kuzipanda.